Usiku wa Jalidi Katika Vinyungu vya Njombe



Katika Sura ya Aal Imran, aya ya 117, Mwenyezi Mungu Mtukufu amepiga mfano wa upepo wenye baridi kali ulioyapata mazao ya watu waliozidhulumu nafsi zao, ukayaangamiza. Sisi tuliozaliwa pwani, penye minazi na mikorosho, tumeisomesha aya hii miaka mingi, na kila mwaka watoto hutuuliza swali lile lile: baridi yawezaje kuua shamba? Kwao shamba huuawa na jua, au nzige, au nguruwe mwitu. Kipupwe cha kwetu ni cha kujifunika shuka mbili tu, wala hatujapata kumsikia mkulima wa pwani akilalamika kuwa mgomba wake umekufa kwa baridi. Basi mwanzoni mwa mwezi wa Agosti, mwaka 2024, tulipata safari ya kwenda Njombe kumzuru ndugu yetu mmoja, na yale tuliyoyaona huko twapenda kuwasimulia vijana wetu na wazee wao.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Njombe ni mwendo wa zaidi ya kilomita 700. Basi huondoka kabla ya jua, likapita Morogoro, likaikata mbuga ya Mikumi ambako abiria huchungulia madirishani kutazama twiga na pundamilia, kisha likaupanda mlima wa Kitonga kwa kujikongoja, upande mmoja jabali na upande wa pili bonde ambalo afadhali mtu asilitazame. Baada ya Iringa, kwenye misitu ya mipaina ya Mafinga, ndipo mtu wa pwani huanza kupekua mfuko wake kutafuta fulana ya pili. Makambako tuliiacha njia ya Mbeya tukashika ya Songea, na Magharibi ikatukuta Njombe, mji ulio juu kwa karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya mkoa wake wenyewe. Sokoni palijaa parachichi na viazi mviringo, ambavyo ndizo mbatata zetu za pwani. Nyuma ya nyumba mipichi ilikuwa imechanua maua ya waridi juu ya matawi yasiyo na jani hata moja, nasi tukadhani msimu wa baridi umekwisha. Mwenyeji wetu alipotupokea tukamwambia hivyo, akacheka, akasema, "Maalim, mipichi hudanganyika kila mwaka."

Mwenyeji huyu alikuwa mwanafunzi wetu zamani. Sasa anasomesha watoto katika chuo kidogo kilichoambatana na msikiti wa mabati, katika kijiji kilicho mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka mjini. Waislamu wa pale ni wachache na Wakristo ndio wengi, lakini ujirani wao ni mwema, na hakuna aliyetupita njiani bila ya kutuamkia "Kamwene", nasi tukajifunza kuitikia vivyo hivyo. Kwa kuwa ada ya chuo haimlishi mtu na watoto wake, ndugu yetu analima kinyungu.

Neno kinyungu huenda wasomaji wa pwani hawajalisikia. Ni shamba la bondeni, ambalo udongo wake hubaki na unyevu mvua zikiisha. Watu wa Iringa na Njombe huinua matuta humo wakati wa kiangazi, wakapanda mahindi, maharage na mboga, wakavuna wakati ambao mashamba ya mlimani ni makavu kama kigae. Ni neema kubwa, ijapokuwa sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imewataka wakulima wakae mbali na kingo za mito kwa mita 60, na wengine wamelalamika kwa hilo. Ndugu yetu hakulalamika. Alituonyesha kuwa ukanda ule wa mita 60 ndio uliokuwa ukipigwa na jalidi kabla ya mwingine wowote, na kwamba aliposogea juu hasara yake ilipungua.

Mwaka ule alikuwa amepanda matuta kumi na manne: manane ya nyanya, manne ya maharage na mawili ya kabichi. Baridi ya huku huuma zaidi Juni na Julai, na mkulima akiona Agosti imeingia salama hujipa moyo akahamisha miche yake kutoka kitaluni, kwani anayetangulia kuvuna nyanya ndiye anayeuza kwa bei. Mbegu na mbolea alikuwa amezichukua dukani kwa deni. Binti yake mkubwa alikuwa akimaliza darasa la saba, na mwezi wa Januari angehitaji sare, madaftari na godoro la bweni. Vyote hivyo vilitegemea miche isiyozidi shibiri moja kwenda juu.

Ama jalidi, ambayo wengine huiita sakitu, si kitu kinachoanguka kutoka mbinguni kama mvua. Mchana ardhi hupokea joto la jua, na usiku hulirudisha juu. Kukiwa na mawingu, mawingu hulizuia na kulirejesha, mfano wa blanketi. Kusipokuwa na wingu, joto lote hupanda likaenda zake, na udongo na majani vikapoa kuliko hata hewa iliyo juu yake. Kisha hewa iliyopoa ni nzito. Huteremka mlimani polepole kama maji, ikajaa bondeni. Maji yaliyomo ndani ya jani yanapoganda huziharibu chembe zake, na jua likichomoza jani hulegea, likawa jeusi kana kwamba limechemshwa. Pakiwa na upepo mwembamba, hewa yenye uvuguvugu ya juu huchanganyika na ya chini, na hatari hupungua. Kwa hiyo usiku wa kuogopwa huku ni ule uliotulia kabisa, wenye nyota nyingi, ambao mgeni huusifu kwa uzuri wake. Baridi ijayo na upepo, kama ile iliyotajwa katika aya, ni aina nyingine iliyo kali zaidi, na kinga yake ni ngumu.

Siku ya tatu ya ukaaji wetu, baada ya sala ya Adhuhuri, mwenyeji wetu alisimama uani akatazama juu. Mawingu ya asubuhi yalikuwa yameondoka, na upepo wa kusini uliokuwa ukivuma tangu juzi ulikuwa unakatika. Hakungoja redio imwambie neno. Aliwaita watoto wake na wanafunzi wakubwa wa chuo, wakateremka bondeni na ndoo, na kazi ya kwanza ilitushangaza: waliziondoa nyasi zote zilizotandazwa juu ya matuta. Mmoja wetu akauliza kama nyasi si ndizo nguo za udongo. Akajibu kuwa ndivyo zilivyo, na kwa sababu hiyo huuzuia udongo usipate jua mchana wala usitoe joto lake usiku kwa miche. Udongo mtupu, ulioshikamana na wenye maji, huweka akiba ya joto kuliko udongo mkavu uliotifuliwa. Basi wakaumwagilia wakati jua lingali kali, upate saa kadhaa za kunywa joto, wakang'oa na magugu yaliyosalia. Upande wa chini wa shamba palikuwa na ua wa mabingobingo uliofungana; akaukata mahali pawili, pana kiasi cha mlango. Ua wa namna ile huizuia hewa baridi isitoke, na shamba likawa kama bwawa. Nyasi zilizoondolewa walizifunga vitita vitita zikawekwa tayari.

Kisha tukahesabu vifuniko. Magunia yalikuwa ishirini na mawili. Matenga ya mianzi yalikuwa kumi na moja, yale yale ya kubebea nyanya sokoni. Na mianzi, jamani, ina kazi njema nyingi kuliko ile ya kugemwa ulanzi! Mikeka ya nyumbani ilikuwa mitano. Kabichi haikuhesabiwa, kwani huvumilia baridi ile. Nyanya na maharage havivumilii hata kidogo, na ilikuwa dhahiri kuwa vifuniko havitoshi.

Hapo kijana mmoja, mwenye nia njema kabisa, akasema: "Maalim, msikitini iko mikeka kumi na miwili, na hakuna atakayeisalia usiku wa manane." Watoto wote wakamtazama mwalimu wao. Twakiri kuwa nasi tulimtazama, tupate kujua yale tuliyomsomesha yamekaa wapi. Alinyamaza kidogo. Bondeni palikuwa na deni lake, na godoro la binti yake. Kisha akasema mikeka ile iliwekwa wakfu kwa kusalia, wala mwenye kuiweka hakukusudia nyanya za mtu yeyote, hata nyanya za mwalimu. Na ikiwa leo ataichukua yeye kwa dhiki yake, kesho mwingine ataichukua kwa arusi yake. Kijana akaona haya, lakini mwalimu akamshika bega akamtuma kwenda kuomba magunia kwa jirani mwenye mashine ya kusaga. Alirudi na tisa.

Mkewe naye akatoa mablanketi ya nyumba. Mawili kati yake yalikuwa yale tuliyotandikiwa sisi wageni, naye aliona taabu kuyachukua mpaka tulipoyakunja wenyewe tukamkabidhi. Makoti yetu yalitutosha, au tuseme yalikaribia kutosha.

Jambo lililotugusa zaidi ni hili. Chini ya shamba lake, mahali penye baridi zaidi, bibi mmoja mjane, asiye wa dini yetu, alikuwa na matuta mawili ya maharage na matatu ya viazi. Mwenyeji wetu alimpelekea magunia saba kabla hajalifunika hata tuta moja la kwake, akamfunikia kwa mikono yake maharage yote mawili. Viazi aliviacha, akamweleza bibi kuwa hata majani yakiungua, mbegu iliyo ardhini itachipua tena. Hesabu ilipokwisha, matuta mawili ya maharage ya kwake yalibaki wazi. Tulimuuliza kwa faragha kama hakuona uzito. Akasema, "Yule bibi hana matuta mengine, Maalim." Tukanyamaza.

Kufunika kwenyewe kuna adabu zake. Vijiti vya mianzi huchomekwa na kupindwa mfano wa upinde, kisha gunia au mkeka huwekwa juu yake, kwani kifuniko kikiligusa jani huipeleka baridi pale pale kilipogusa, na cha plastiki ndicho kibaya zaidi. Pembe zake hushuka mpaka chini na kukandamizwa kwa udongo, ili joto litokalo ardhini libaki ndani. Tenga hupinduliwa juu ya mche na kutiwa nyasi juu yake. Lakini adabu iliyo kubwa ni ya wakati: kazi yote ilianza baada ya Alasiri ikaisha jua lingali juu ya kilima. Anayefunika saa nne za usiku huwa amefunika baridi ndani. Ndugu yetu alituambia kuwa majirani wengi hupoteza mboga zao kwa sababu hungoja wahisi baridi kwanza, na hapo joto la mchana limekwisha kwenda.

Usiku watu kadhaa wa bonde lile waliwasha moto wa majani mabichi kwa ajili ya moshi. Ni desturi ya kale katika nchi nyingi, lakini fundi wetu hakuitegemea, naye alikuwa na haki, kwa sababu moshi hauzuii joto kupanda ila kidogo sana. Kinachosaidia ni joto la moto wenyewe, na kwa hilo mioto midogo mingi iliyotawanywa ni bora kuliko mmoja mkubwa, ambao hupasua njia kwenda juu na kuivuta hewa baridi ya pembeni. Hata hivyo moshi ule ulitufaa kwa njia nyingine, maana ulituonyesha kwa macho njia ya baridi. Haukupanda. Ulitambaa chini kwa chini, ukateremka mteremko, ukafika kwenye ua wa mabingobingo, ukapita katika ile milango miwili iliyokatwa kana kwamba umeelekezwa, ukaenda kulala juu ya kijito, bapa kama maziwa katika sahani. Watoto walikaa kimya wakiutazama. Hatujaona somo la sayansi lililofahamika upesi kuliko lile.

Wako wakulima wa nchi nyingine wenye mashine, ambao hunyunyiza maji juu ya miti yao usiku kucha. Maji yanapoganda hutoa joto, na jani huhifadhiwa ndani ya barafu yake. Ila anayeanza kunyunyiza hana ruhusa ya kuacha mpaka barafu iyeyuke. Akiacha katikati hudhuru kuliko kama asingeanza. Kwa mtu wa ndoo mbili na kijito, hiyo si njia.

Njombe jua huchomoza nyuma ya lile la Dar es Salaam kwa kadiri ya robo saa na zaidi. Saa kumi na moja tulipoamka, maji ya nje yalikuwa na ukoko mwembamba juu yake. Mke wa mwenyeji wetu alikwisha bandika sufuria ya maji ya udhu, Mungu amlipe. Tukiyangoja, tulimkumbuka Amru bin Al-As (r.a.) katika safari ya Dhatu Salasil, aliyepatwa na janaba katika usiku wa baridi kali, akachelea kuwa kuoga kutamwangamiza, akatayamamu akawasalisha wenzake, na habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) na Amru akaeleza hoja yake, Mtume alicheka wala hakumlaumu. Kijana wa mikeka akauliza kama nasi twaweza kutayamamu asubuhi ile. Akaambiwa kuwa penye sufuria ya maji ya moto hapana ruhusa hiyo, na watoto wakacheka mpaka baridi ikawaondoka.

Baada ya sala tulishuka bondeni na taa, kwa kuwa saa hiyo, karibu na macheo, ndiyo ya baridi kuliko zote. Mwenyeji wetu alikuwa na kipimajoto kidogo. Kikiwa kimetundikwa ukumbini kwake juu ya kilima kilionyesha digrii 5. Alipokilaza chini katika tuta la maharage lisilofunikwa, kilishuka mpaka digrii 1 chini ya sifuri. Nyumba na shamba havikutengana hata kwa mita 300. Majani yalikuwa meupe, kila ukingo umepambwa kwa chembe kama za chumvi, na twasema kweli, yalipendeza. Hakuna aliyeyagusa.

Jua lilipopanda, vifuniko vikaondolewa, kwani mche ukiachwa chini ya gunia mchana hudhoofika. Matuta yale mawili ya wazi yalikufa yote. Kufikia saa tatu maharage yalikuwa nyuzi nyeusi. Nyanya saba kati ya matuta manane zilikuwa salama. La nane lilikuwa limefunikwa kwa blanketi ambalo kijiti chake kilivunjika usiku, likalalia miche, na kila ncha iliyoguswa iliungua. Maharage ya bibi yalikuwa kijani yote. Viazi vyake vilikuwa vyeusi juu, naye akavitazama kwa utulivu kuliko tulivyotazamia, akasema vimekwisha kuungua hivyo mara nyingi maishani mwake na akala.

Mwenyeji wetu aliwakataza watoto wasikate ncha zilizoungua. Majani yaliyokufa huzikinga kidogo sehemu za chini, na ukikata mapema mmea huharakisha kuchipua machipukizi laini, yakawa chakula cha jalidi ijayo. Hungoja mpaka wiki mbili au tatu, hata ionekane palipo hai na palipokufa, ndipo akakata. Tuta la nane alitumaini kulipata lote. Mahali pa maharage aliamua kupanda kabichi na karoti siku ile ile, kwa sababu hizo hazitaogopa. Vijana waliokuwa wakisikiliza tuliwaambia kuwa elimu hii si ngeni kwa Waislamu; katika karne ya 12 Ibn al-Awwam wa Sevilla, huko Andalusia, aliandika kitabu kikubwa cha kilimo, na watu wa bara la Ulaya walikuja kukifasiri karne nyingi baadaye. Kijana wa mikeka akauliza kinapatikana wapi. Tukamwahidi kutafuta.

Kabla ya Adhuhuri magunia, mikeka na mablanketi yote yalikuwa yametandazwa juu ya ua, yakitoa mvuke juani. Mwenyeji wetu aliyapinduapindua mwenyewe, kwani kifuniko kilichoroa hakihifadhi joto. Yalitakiwa yawe makavu kufikia Alasiri. Upepo ulikuwa bado haujarudi, na katika mbingu nzima ya Njombe hapakuwa na wingu.